Mtu wa Kumi na Saba

Lauderhill, Florida
Jumanne, 11 Machi

Mpendwa dada yangu Cherry,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Egbert. Natumai barua hii itakukuta mzima, baridi ya Hartford imeanza kulegea, na magoti yako yanakuruhusu kupanda zile ngazi zenu bila kupumzika katikati. Vipi yule bibi unayemtunza, Bi Lombardi? Bado anaficha vidonge chini ya ulimi akidhani humwoni? Sisi huku hatujambo. Egbert nyonga inamsumbua, lakini mdomo wake haujambo kabisa, kama utakavyoona mbele.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Kwa simu imenishinda. Tangu turudi nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili uliposikia sauti yangu imebadilika ulinikatiza, ukanibembeleza nisilie, Mama amepumzika. Ulidhani namlilia Mama, nami nikakuacha udhani hivyo. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukataka kuitupa.

Uliniuliza habari za safari yetu ya meli, na hasa ile siku tuliyoshuka bandarini Falmouth, kule kisiwani kwetu, tukapanda mlimani hadi kaburini kwa Mama. Nitakueleza yote. Lakini nianze na Claudette Brissett, maana bila yeye hakuna safari.

Claudette unamjua kuliko mimi, ulikaa naye dawati moja pale shuleni kwetu Albert Town. Tangu astaafu ukarani wa shule huku Florida amekuwa wakala wa safari za meli. Ofisi yake ni meza ya kulia chakula. Ana kompyuta moja, simu ya kuvaa kichwani, na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho sijapata kukiona kikiwa kitupu. Watu wa kanisani kwetu wote husafiri kupitia kwake. Ukienda kwake hakuulizi unataka chumba gani, yeye anakwambia. Wewe unakoroma, mwenzako hapati usingizi, basi nawapa chumba chenye kochi. Wewe unaogopa lifti, utakaa ghorofa ya chini. Sisi mwaka huu alituchagulia chumba cha ndani, kisicho na dirisha, lakini katikati ya meli na hatua kumi tu kutoka kwenye lifti, kwa ajili ya nyonga ya Egbert. Nilinung'unika kidogo kuhusu dirisha. Akaniambia, "Verona, dirisha utalitazama mara mbili. Lifti utaihitaji mara ishirini kwa siku. Niachie mimi."

Sasa sikiliza, kuna jambo moja la kampuni hizi ambalo lazima ulielewe. Wakala akikusanya watu kumi na sita wanaolipa, kampuni humpa nafasi ya kumi na saba bure. Wakala mwenyewe ndiye anayeamua nani atapanda nayo. Mwaka huu Claudette alihangaika tangu Juni kutafuta watu, akampigia simu hata yule mpwa wake wa Orlando asiyeelewana naye, na Septemba akatimiza kumi na sita kamili, yeye akiwa mmojawapo. Hakuna aliyezidi wala aliyepungua. Alifurahi akalia. Sisi tukamshangaa, kulia kwa ajili ya orodha ya majina!

Siku moja baada ya ibada, tukila samaki wa kukaanga pale ukumbini, nikamuuliza kwa utani huyo mtu wa kumi na saba ni nani. Akacheka, akasema, "Utamwona siku ya kupanda. Mdomo wangu nimeutia pini." Alipoondoka, Merlene akaninong'oneza. Unamjua Merlene, mambo ya watu hayampiti. Akasema, "We V, mbona mshamba hivyo? Wa kumi na saba ni yeye mwenyewe. Sisi tunalipa, mwenzetu anapanda bure, na kamisheni anachukua juu yake. Kwa nini unadhani alilia?"

Dada, neno lile liliniingia. Nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Nikaanza kumtazama Claudette kwa jicho jingine. Kila akiniambia niachie mimi, nilikuwa nasikia wacha nile chako. Na sikumuuliza tena. Ningemuuliza vizuri angenijibu, lakini kijicho hakiulizi.

Novemba ikaja barua pepe kutoka kwa kampuni yenyewe. Anwani yangu walikuwa nayo tangu ile safari yetu ya meli ya kwenda Cozumel. Walisema mteja mpendwa, ukitupigia wewe mwenyewe bila kupitia kwa wakala, tutakupandisha daraja kutoka chumba cha ndani hadi chumba chenye roshani, kwa bei ile ile. Tarehe ile ile na meli ile ile. Niliisoma mara tatu. Nikajiona tayari nimekaa nje asubuhi na gauni langu la nyumbani, kahawa mkononi, bahari yote yangu. Na katika picha ile, nisikufiche, alikuwamo pia Claudette, yuko chini kule katika chumba chake cha bure kisicho na dirisha.

Nikapiga. Akapokea kijana mwenye sauti ya asali, akiniita Bi Verona kila baada ya maneno matatu. Akaniambia sharti ni moja tu, jina langu na la mume wangu yatoke kwenye kundi la wakala, kisha yeye ayaandike upya. Malipo ya awali yatarudi bila kukatwa. Nikasema sawa. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Sikumwambia Claudette. Nilijiambia kwani kuna ubaya gani, si tutakuwa meli moja?

Baada ya siku chache Claudette akanipigia, sauti imepanda. Majina yenu yamepotea kwenye orodha, tumebaki kumi na wanne, kuna nini? Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikajitia hamnazo. Nikasema, "Yesu wangu, kompyuta yao hiyo! Watakuwa wamekosea." Naye akaniamini. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, atapambana nao. Akakaa kwenye simu na kampuni siku mbili nzima, dada, akinipigania mimi. Alifokewa na msimamizi mmoja, naye akamfokea. Kila jioni ananipigia kunipa habari na kunituliza. "Lala, V, hawatuwezi." Nami nalala.

Mwisho akaja nyumbani na fomu. Alisema wanamwambia kuna nafasi mpya kwa jina langu, hajui wameichanganyaje, lakini dawa ipo. Nikitia sahihi kabla ya siku thelathini, nafasi inahamia kwake, tunarudi kwenye kundi, tunakuwa kumi na sita tena, na wa kumi na saba anapanda. Nikamwambia aiache, Egbert naye aisome. Nikaibandika kwenye friji chini ya ile sumaku yenye umbo la embe. Siku zikapita. Krismasi ikaja na shughuli zake, keki nyeusi, wageni, kwaya, nikaisahau. Nilipokuja kuikumbuka, siku thelathini zilikuwa zimepita. Huyo wa kumi na saba sikujua ni nani.

Ndivyo nilivyomweleza kila aliyeniuliza. Naomba uendelee kusoma.

Tulipanda meli Februari, Jumamosi ya jua kali. Wenzetu wote wamevaa fulana za manjano zenye majina yao mgongoni, sisi tu ndio tuliokuwa na nguo zetu, maana fulana zetu zilifutwa tulipotoka kwenye kundi. Claudette alitukumbatia hata hivyo. Akasema ameumia kuhusu kompyuta ile lakini muhimu tuko pamoja. Tukaenda kutafuta chumba chetu chenye roshani. Tukatembea. Tukatembea tena. Kilikuwa mwisho kabisa wa meli, huko mbele, na Egbert alisimama mara tatu njiani ameshika ukuta. Juu ya dari yetu ni ukumbi wa mazoezi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi watu wanaangusha vyuma. Na nilipofungua mlango wa roshani ili nione bahari yangu, nikaona mashua ya kuokolea watu, ya rangi ya chungwa, imening'inia mbele yetu kutoka upande huu hadi upande ule. Bahari ilionekana kwa kuchungulia. Egbert alicheka mpaka akakaa kitandani. "Mke wangu, umetuletea tumbo la mashua! Tulitazame vizuri, lisije likaona haya." Claudette angejua. Meli ile anaijua kama jiko lake, asingenipa chumba kile hata kwa dawa. Lakini yule kijana wa asali hakusema, na mimi sikujua la kumuuliza.

Jioni ya pili tulikula pamoja, meza mbili zimeunganishwa. Mtu mmoja akaanza kulalamika kuhusu kompyuta za kampuni zilivyotuharibia kundi. Egbert, Mungu ambariki, hakuwahi kuujua uongo wangu. Mimi nilimwambia tu nimetupatia chumba kizuri. Basi akaweka uma chini, akajinyoosha, akasema kwa sauti yake ile ya kuita vituo vya basi, "Kompyuta gani? Huyu mke wangu ni moto wa kuotea mbali! Alipiga simu mwenyewe. Dakika ishirini tu, akatutoa kwa wakala, akatupandisha daraja. Na roshani juu!" Alikuwa ananisifu, Cherry. Alinipigapiga begani.

Merlene alitazama sahani yake. Claudette alikuwa anapaka siagi mkate, akaendelea kuipaka, akaipaka mpaka mkate ukakatika mkononi mwake. Kisha akasema polepole, wala hakuniangalia, "Huyo wa kumi na saba alikuwa Cherry."

Ulikuwa wewe, dada. Ile nafasi ilikuwa yako, kitanda cha pili katika chumba chake. Alikuwa ameipanga tangu wiki ile tulipomzika Mama. Aliniuliza wakati ule kwa nini hukuonekana kaburini nami nikamweleza jinsi ulivyofika hadi uwanja wa ndege, ukakaa na sanduku lako na kofia nyeusi kichwani, ukasikia wanaita jina lako, na miguu ikakataa, ukarudi nyumbani kwa teksi. Nikamwambia ndege hujapanda tangu ile iliyokuleta huku mwaka themanini na saba, ile iliyopigwa na dhoruba. Nikamwambia jinsi ulivyoniambia kwamba kungekuwa na njia ya kwenda kwa Mama kwa miguu ungekwenda. Claudette alisikiliza hayo, akarudi kwenye meza yake ya chakula, akatafuta meli inayotia nanga Falmouth. Alikuwa ameshaangalia treni ya kukuleta kutoka kwenu mpaka huku. Kwa miguu hakuweza, lakini kwa treni na meli aliweza.

Watu wa mezani walinihurumia. Mmoja alisema masikini, hakujua. Nikatikisa kichwa, nikasema ni kweli, sikujua. Claudette ndipo aliponitazama. Alinitazama kidogo tu, akaomba radhi, akaondoka mezani. Siku zilizobaki alinisalimu kama anavyomsalimu mtu wa benki.

Jumanne tulitia nanga Falmouth. Wengine walikwenda ufukweni. Mimi na Egbert tulikodi teksi, tukapita Clark's Town, tukapanda kule kwetu. Barabara ni mbovu vile vile. Mama mdogo Pearline alikuwa ametungoja barazani tangu asubuhi, amechoma shelisheli, amepika na mboga za kalalu. Amekonda, lakini bado ana nguvu za kumfukuza mbuzi wa jirani kwa fimbo. Kaburi ni zuri, dada. Limejengwa kwa saruji, limepakwa chokaa, na jina la Mama limeandikwa vizuri, herufi zimenyooka. Amepandiwa yale maua ya majani mekundu na manjano pande zote mbili. Kutoka pale unaona shamba la viazi vikuu mpaka kwenye ule mti wa viungo. Nilisimama pale. Nilipiga zile picha ulizoniomba.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipakimbia tangu mstari wa kwanza.

Nimekuandikia hapo juu kwamba fomu niliisahau, na kwamba wa kumi na saba sikumjua. Si kweli. Nilijua.

Claudette aliponiletea ile fomu tulikuwa wawili tu jikoni. Alinikuta nachuja sharabati ya Krismasi. Akaniambia niache kuchuja, nikae. Akasema, "V, nilitaka iwe siri mpaka mwisho, lakini wacha nikwambie ili uone kwa nini nakimbizana hivi. Ni Cherry. Namleta Cherry kwa mama yake." Akaanza kulia tena, kama ile Septemba. Akanishika mikono yangu, ina rangi nyekundu ya sharabati, akaniapisha nisikwambie, uje kuambiwa wewe mwenyewe siku ya mwaka mpya kwa simu yake. Nami nikaapa. Nikalia naye. Nikamwambia Mungu akubariki.

Alipotoka nikampigia yule kijana wa kampuni. Nilimuuliza, nikihamisha nafasi kwenda kwa wakala, roshani inabaki? Akasema hapana, Bi Verona, ile ni ya wanaotupigia wenyewe, mtarudi chumba cha ndani. Nikamshukuru.

Fomu haikukaa kwenye friji ikasahaulika. Niliisoma kila siku. Kila asubuhi nilipotoa maziwa niliiona, nikajiambia leo, kisha nikajiambia kesho. Nilijipa kila sababu. Nikasema Cherry ataogopa hata meli. Nikasema kazini hawatampa ruhusa. Nikasema mimi ndiye niliyempeleka Mama hospitali, mimi ndiye niliyelipia mazishi, mimi nikasimama kaburini peke yangu watu wakiniuliza dada yako yuko wapi, sasa yeye aletwe bure kama malkia, na mimi nikae kwenye chumba cha giza? Ndiyo, Cherry, lilikuwapo na hilo. Nilikuwa na hasira nawe tangu siku ya mazishi na sikuwahi kuijua mpaka nilipoiona kwenye friji. Siku ya thelathini niliitoa chini ya sumaku, nikaikunja, nikaitia kwenye takataka pamoja na maganda ya tangawizi. Claudette aliponipigia nikamwambia imepotea, samahani sana. Akasema basi, haikuandikwa. Hata hapo hakunishuku. Alidhani mimi ni mzembe, si mwovu. Ni Egbert aliyemfungua macho, na sifa zake.

Kwa hiyo pale mezani niliposema sikujua, watu kumi na wanne walinisikia, na mmoja alijua nadanganya. Hakunianika. Mpaka leo hajamwambia mtu.

Bado kuna moja, na hii ndiyo iliyonishika mkono niandike. Pale kaburini Mama mdogo Pearline aliniuliza, "Na Cherry? Meli si hairuki? Mbona hukuja naye?" Ningeweza kusema hakuwa na nafasi. Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Nilimwambia. Hakutaka." Nilisema hivyo nimeweka mkono juu ya saruji ya Mama. Mama mdogo akasonya msonyo mrefu, akasema Cherry amekuwa na moyo mgumu, na mama yake siku za mwisho alikuwa anaita jina lake yeye, si la mwingine. Nikaliacha jina lako pale.

Hilo la Mama kukuita sikuwahi kukwambia. Nilikuwapo, nilisikia. Aliita Cherry, Cherry, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Sasa unajua.

Siku tuliporudi bandarini Claudette alinipa mfuko, akasema, "Mpelekee dada yako. Maelezo utampa mwenyewe." Ni fulana ya manjano yenye jina lako mgongoni. Aliichapisha mapema, kabla hatujapungua, akaibeba hadi melini, sijui kwa nini. Nimeituma pamoja na barua hii. Wiki mbili imekaa kabatini kwangu, nikifungua naiona.

Egbert nimemwambia yote Ijumaa. Hakunigombeza. Alinyamaza kutwa nzima, na wewe unamjua Egbert, kwa hiyo unajua maana yake. Jana nilimpigia Mama mdogo, nikamwambia kwamba hukukataa, hukuulizwa, na aliyekuzuia ni mimi. Kisha akasema, "Basi mwambie Cherry nimemsema bure mbele ya mama yake. Mwambie kesho nitapanda kaburini nirudishe maneno yangu." Mwanamke wa miaka themanini na mitatu, na kilima kile, kwa sababu ya uongo wangu. Leo ndiyo hiyo kesho.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa Claudette. Sina uso wa kumtazama lakini nitakwenda. Najua anatafuta watu kwa ajili ya meli nyingine inayopita Falmouth mwezi wa kumi, na najua hajafuta jina lako. Mimi sitamwomba aniandike.

Picha za kaburi zimo ndani ya bahasha ndogo, ndani ya fulana. Sikutaka uzione kabla ya kusoma.

Msalimie Bi Lombardi, na wale wenzako wa kanisani, hasa yule mama wa Barbados anayekuletea supu. Vaa soksi mbili, Machi ya huko haiaminiki. Egbert anakusalimu, na anasema hili nililiandike kama alivyolitamka: shemeji, laiti ningejua.

Dada, Claudette akikupigia, mpokee. Mimi usinipokee Jumapili hii. Nitapiga kama kawaida, saa tisa, na simu ikiita mpaka ikakatika nitajua barua imefika.

Ni mimi mdogo wako,
Verona